Moshi Ambao Haukuchorwa

Mtu mmoja alikuwa na ukuta. Haukuwa wake. Ulikuwa ukuta wa darasa la kwanza katika shule ya kijiji kimoja cha nchi ya pamba na majabali, lakini tangu siku alipopewa kazi ya kuupamba aliuona kuwa wake. Mtu huyo aliitwa Mwalimu Bundala Maduhu. Alizaliwa kijijini hapo, akasoma katika shule hiyo hiyo, akaenda kusoma mbele kwa mapadri, kisha akarudi kufundisha. Alikuwa na mwandiko mzuri na mkono wa kuchora, lakini alichojivunia zaidi ni kwamba hakuwahi kukosea jina la mtu. Ukiandikwa na Mwalimu Bundala katika daftari la mahudhurio, uliandikwa wewe hasa, jina lako na la baba yako na la babu yako, kila herufi mahali pake. Mzazi aliyetaja jina nusunusu alirudishwa nyumbani akaulize vizuri.

Mwaka huo mkaguzi wa shule alipita, akaona kwamba watoto wa darasa la kwanza hawazijui rangi. Kijani na buluu waliita kwa jina moja, na kahawia hawakuwa na jina lake kabisa. Mkaguzi akaagiza rangi zichorwe ukutani, watoto wazione kila siku. Mwalimu mwingine angechora nyanya kwa nyekundu na jani kwa kijani, akamaliza kazi kwa siku mbili. Mwalimu Bundala aliona hilo ni jambo dogo kwake. Alikuwa na daftari la zamani, la jalada gumu, ambalo ndani yake alinakili alipokuwa chuoni habari za wanawake wa hadithi za mataifa, wale wanaosimuliwa kwamba walileta mvua, walizaa mchana, walifinyanga watu. Akaamua kwamba kila rangi itakuwa mwanamke, na kila mwanamke atakuwa na jina lake chini ya miguu yake.

Akaanza na nyeupe. Alimchora Poliahu, ambaye watu wa visiwa vya Hawaii husimulia kuwa anakaa juu ya mlima wenye theluji, amejifunika joho lake jeupe. Watoto hawakuwahi kuona theluji, wakadhani amejitanda pamba iliyochambuliwa, na mwalimu hakuwasahihisha, maana ilikuwa karibu na ukweli. Njano alimpa Oshun wa Wayoruba, mwenye mto, asali na bangili za shaba. Buluu alimpa Nut wa Wamisri wa kale, aliyejipinda juu ya dunia yote kama paa, na nyota zimemjaa tumboni. Kahawia alimpa Nuwa wa Wachina, aliyechukua udongo akafinyanga watu. Nyeusi alimpa Nyx wa Wagiriki, ambaye ni usiku wenyewe, na mchana ni mtoto wake. Alimchora mzuri sana huyo, mrefu, mtulivu, maana alitaka watoto weusi wa kijiji hicho wasiione rangi yao kuwa ya kuogopwa. Kijani alimpa mwanamke wa Waazteki wa Meksiko, ambaye jina lake maana yake ni mwenye sketi ya jiwe la kijani. Jina lenyewe ni Chalchiuhtlicue. Mwalimu aliliandika bila kutazama daftari, kisha akawasimamisha watoto walitamke mpaka walipate. Darasa zima likajikwaa. Mtoto mmoja akasema jina hilo linalia kama mafuta kwenye kikaango, wenzake wakacheka hadi machozi, na mwalimu, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, akageukia ukuta ili wasimwone uso.

Nyekundu ilibaki ya mwisho, kwa sababu kopo la rangi hiyo lilichelewa kuletwa. Alikusudia kumchora Pele wa moto, wa visiwa vile vile vya Poliahu. Lakini kabla kopo halijafika, kamati ya shule ilikuja kuutazama ukuta. Wakasimama wameshika kofia mikononi. Wakasifu. Kisha mwenyekiti wao, mzee aliyeitwa Ndaki, akasema kwa upole, "Mwalimu, kazi hii hatujaiona hata mjini. Lakini hawa wote ni wa watu. Sisi hapa hatuna hata mwanamke mmoja wa kuchorwa?"

Swali hilo lilimchoma, kwa kuwa hakuwahi kujiuliza. Akaahidi kwamba nyekundu itakuwa ya hapa. Akakaa siku tatu akitafuta katika kumbukumbu zake, akagundua kwamba habari za wanawake wa mbali alizinakili kwa wino, lakini za wanawake wa kwao hakuziandika mahali popote. Kilichokuwa kimesalia kichwani mwake ni kile alichokisikia akiwa mtoto, pale watoto walipokaa kuzunguka jiko wakingoja chakula kiive na wakubwa walitaka wanyamaze. Ilikuwa hadithi ya bibi mwenye macho mekundu, anayewaita watoto waliopotea, akawapa uji, na hawaonekani tena. Bibi huyo hakuwa na jina. Hakuna aliyewahi kumpa. Mwalimu akaona rangi imepatikana. Kopo lilipofika, akafunga mlango wa darasa akachora.

Sasa ni lazima niwaambie habari za Mbuke. Shuleni hapo palikuwa na mpishi, mwanamke mzee aliyeitwa Mbuke Ng'wana Shigela, ambaye kila mtu alimwita mayu, yaani mama kwa lugha ya watu wa huko. Alikuwa amewapikia watoto uji kwa miaka thelathini na mmoja. Jiko la shule lilikuwa kibanda kifupi cha udongo chenye mlango mmoja, hakina dirisha, na ndani yake mafiga makubwa matatu. Nchi hiyo miti ilikwisha siku nyingi, mashamba ya pamba yaliimaliza. Kwa hiyo jiko liliwashwa kwa mabua ya pamba na samadi kavu ya ng'ombe. Desturi ya shule ilikuwa kwamba kila mtoto afike asubuhi na bua lake mkononi au kipande chake cha samadi, akiweke mlangoni mwa jiko kabla ya kuingia darasani. Mtoto aliyekumbuka alichukua lililokauka juu ya paa la nyumbani kwao. Mtoto aliyesahau aliokota lolote njiani, bichi, lenye umande, akalitupa katikati ya mengine, asijulikane. Mbuke hakuwahi kumshitaki mtoto. Aliyachochea yote, makavu na mabichi, akainama ndani ya moshi, akakoroga. Hivyo ndivyo macho yake yalivyoanza kuwa mekundu, kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka, mpaka weupe ukaisha kabisa. Bundala mwenyewe alikuwa mmoja wa watoto hao. Alikuwa msahaulifu. Mara nyingi bua lake lilikuwa bichi.

Alipokuwa akimchora bibi wa hadithi, hakukusudia kumchora Mbuke. Hilo alijiambia baadaye mara nyingi, na lilikuwa kweli kwa saa moja ya kwanza. Aliacha mkono uende. Mkono ukaleta paji la uso lenye kovu dogo kama mbegu ya tikiti. Ukaleta hereni moja ya waya wa shaba katika sikio la kushoto. Ukaleta kitambaa kilichofungwa kisogoni kwa fundo la kulala upande. Alipofika kwenye macho akasita, akarudi nyuma hatua tatu, akamjua. Hapo angeweza kufuta. Rangi ilikuwa bado mbichi, na tambara lilikuwa mkononi. Lakini aliona pia jambo jingine. Katika wanawake saba wa ukuta ule, huyu peke yake alikuwa hai. Wale sita walikuwa picha, huyu alikuwa mtu anayekutazama. Ilikuwa kazi bora ya mkono wake, na alijua hatafanya nyingine kama hiyo. Akaliweka tambara chini. Akatia wekundu machoni, mara mbili, ukaiva. Chini ya miguu ya wale sita yalikuwepo majina. Chini ya huyu aliandika: BIBI MWENYE MACHO MEKUNDU.

Watoto walimtambua siku hiyo hiyo. Mwanzoni ilikuwa mchezo. Walipita mbele ya jiko wakiimba, "Macho moto, macho moto, leo umemla nani?" kisha wakakimbia. Mbuke akawatishia kwa mwiko, akicheka, akidhani ni wimbo mpya wa kuruka kamba. Baada ya wiki mbili wakaacha kumwamkia. Waliokuwa wakimwambia "mwangaluka, mayu" kila asubuhi waliinamisha vichwa, wakatupa mabua yao kwa mbali. Kisha baadhi yao wakakataa uji. Walisema wanasikia harufu. Mbuke akaonja mbele yao, akawapa wengine waonje, akaosha sufuria kwa mchanga mara ya pili. Mwalimu Bundala aliyaona hayo akiwa dirishani mwa darasa. Alijiambia kwamba watoto ni watoto, watasahau.

Mwezi wa Oktoba surua iliingia kijijini. Ilipita nyumba baada ya nyumba, na nyumbani kwa mtu aliyeitwa Sayi ilimchukua mtoto wa pili, aliyekuwa darasa la kwanza. Mtoto yule alikuwa mmoja wa waliokataa uji. Baada ya matanga watu walianza kukaa vikundi vikundi, na kila kikundi kilinyamaza Mbuke alipopita. Asubuhi moja alikuta karatasi imesukumwa chini ya mlango wake. Hakujua kusoma. Akaipeleka kwa mwalimu amsomee, kwa kuwa tangu zamani barua zake zote alimpelekea yeye. Ilikuwa na neno moja tu: HAMA. Mwalimu aliisoma, akaikunja. Akamwambia ni matangazo ya chama cha ushirika. Mbuke akashukuru, akasema, "Basi sawa, mwanangu. Nilidhani ni habari ya shamba." Nyuma ya nyumba yake, pembeni ya shamba hilo, alikuwa amemzika binti yake wa pekee, na kila mtu alijua alichokuwa akitaka Mbuke katika siku zake zilizobaki. Alitaka kuzikwa pale.

Baraza liliitishwa katika ghala la pamba, mchana, kwa kuwa ndilo jengo pekee lililotosha watu wote. Mbuke alikalishwa mbele juu ya gunia. Sayi aliongea kwanza, na hakuna aliyeweza kumkatiza, maana alikuwa mtu wa msiba. Alisema mtoto wake alikataa uji wa mwanamke huyu, na baada ya siku tisa akafa. Alisema macho ya Mbuke ni ya mchawi, na kila mtu anayaona. Kisha akasema, "Na kama mimi nimechanganyikiwa kwa msiba, huyu hapa mwalimu naye amechanganyikiwa na nini? Mtu wa vitabu hachori ovyo. Wale wengine wote pale ukutani wana majina yao. Huyu mbona hakumwandikia jina? Alijua sote tunalijua."

Mzee Ndaki akageuka. "Mwalimu," akasema, "tusaidie. Ulimchora nani?"

Mwalimu Bundala alisimama. Alikuwa nayo maneno ya kusema. Yalikuwa matatu, na yalikuwa yamekwisha fika kwenye ulimi: ni moshi tu. Watu wote waliokuwamo ndani ya ghala lile walikuwa wamekunywa uji wa jiko lile, au watoto wao walikuwa wameunywa. Wangekumbuka. Lakini aliona pia swali litakalofuata. Wangemwuliza, kama ulijua ni moshi, mbona ulimfanya bibi wa hadithi? Naye angelazimika kujibu, mbele ya Sayi na mbele ya wanafunzi wake wa zamani, kwamba alimjua kabla rangi haijakauka, na akamwacha kwa sababu sura ile ilitoka vizuri. Aliona aibu hiyo ikimjia kama mtu anayeona ng'ombe mkali akija njiani. Akapisha. Akasema, "Nilichora hadithi." Kisha akaketi. Kila mtu akalichukua jibu hilo akalifanya lake. Waliotaka kuamini wakaamini zaidi, na wale wachache waliokuwa wakisita wakaona hapana wa kusimama naye.

Baraza likaamua kwamba Mbuke ahame. Hakulia. Aliomba jambo moja. Alisema yeye hajawahi kuingia darasani tangu shule ijengwe, kazi yake iliishia jikoni, na kama kuna picha iliyomfikisha hapo, basi apelekwe aione. Wakampeleka, watu wengi nyuma yake. Macho yake yalikuwa yamefifia, ikabidi asogee mpaka pua karibu iguse ukuta. Akapitisha kiganja juu ya kovu, juu ya hereni, juu ya fundo la kitambaa. Akawatazama pia wale sita wengine, mmoja mmoja, bila haraka, kama mgeni anayeamkia wenyeji. Kisha akamgeukia mwalimu.

"Macho umeyapatia, mwanangu," akasema. "Ila moshi hukuuchora."

Watu waliokuwa karibu walisikia. Baadhi yao walitazama miguu yao. Kesho yake asubuhi mume wa mpwa wake alikuja na baiskeli kumchukua, akampeleka katika kijiji cha mbali, safari ya siku mbili. Alibeba mkeka, chungu kidogo na kuku mmoja. Mzee Ndaki alimsindikiza hadi njia panda akimwambia, "Ni kwa usalama wako, mayu," na huenda naye aliamini hivyo. Njia haikupita nyuma ya nyumba, penye kaburi la binti, na Mbuke hakuomba ipite.

Mwalimu Bundala alichukua chokaa akapaka juu ya picha. Chokaa ilipokauka, nyekundu ikapenya. Akapaka tena. Kovu likapotea, hereni ikapotea, fundo la kitambaa likapotea, lakini macho yakabaki, kama makaa mawili yaliyofukiwa majivu. Mara ya tatu yakawa hafifu zaidi, na kwa sababu hiyo mabaya zaidi. Watoto walisema anachungulia. Akasogeza kabati mbele yake, na tangu siku hiyo alifundisha darasa la kwanza bila kugeukia upande ule.

Jikoni hapakupatikana mpishi. Wanawake watatu waliombwa, na kila mmoja alisema vyungu vile ni vya mtu. Watoto wakakaa na njaa mpaka saa nane. Mwishowe Mwalimu Bundala akasema atapika yeye. Wenzake walishangaa, wakamsifu kwa unyenyekevu, na alizikubali sifa hizo kwa kunyamaza, jambo ambalo nalo lilimwongezea aibu. Kila alfajiri aliingia katika kibanda kile kifupi. Siku ya kwanza alitoka nje mara nne kutafuta hewa. Akajifunza kupumua akiwa ameinama. Akajifunza kukoroga huku macho yamefungwa. Na kila asubuhi, mlangoni, aliwaona watoto wakileta mabua yao, makavu na mabichi, wengine wakiyachomeka katikati ya mengine upesi na kuondoka wakitazama pembeni. Aliijua tabia hiyo. Hakumshitaki mtoto yeyote.

Yalipita masika, ukapita msimu wa kuchuma pamba. Macho yake yaliwasha, kisha yakaacha kuwasha, kisha yakabaki vile vile. Nyumbani hakuwa na kioo kikubwa, na mkewe, ambaye hakuwa mwanamke wa maneno mengi, alimtazama tu akampa maji ya kunawa. Siku moja mtoto wa darasa la kwanza, msichana aliyeitwa Milembe, alifika mbele ya sufuria na bakuli lake. Hakulinyoosha. Alisimama akimtazama mwalimu usoni kwa muda, kwa udadisi wa mtoto ambaye bado hajafundishwa kuogopa vizuri.

"Mwalimu," akasema, "na wewe ni mchawi?"

"Hapana, Milembe," akajibu, naye akatabasamu. "Ni moshi tu."

"Aa," akasema Milembe. Akanyoosha bakuli lake, akapata uji, akaenda zake.

Mwalimu alibaki ameshika upawa. Maneno yalikuwa yale yale matatu. Hayakuwa yameongezeka wala kupungua. Hakuyatafuta, alikuta yako tayari mdomoni, yametoka kabla hajafikiri, kwa sababu safari hii aliyeulizwa habari zake alikuwa yeye. Na yalikuwa yametosha. Mtoto wa miaka saba aliyasikia, akaona yana maana, akanywa uji. Mwalimu alikaa chini pale pale kando ya mafiga, mbele ya watoto, na uji ukaungua.

Jioni hiyo hiyo alikwenda kwa Mzee Ndaki akamweleza yote, habari ya tambara aliloliweka chini na habari ya barua aliyoisoma kwa uongo. Baraza likaitishwa tena katika ghala lile lile. Aliyasema mbele ya watu wote, na safari hii hakuacha kitu. Alipomaliza, Sayi ndiye aliyesimama. Hakupaza sauti. "Mwalimu," alisema, "mimi nilikuwa na msiba, nilikuwa natafuta pa kuuweka. Wewe ulinionyesha mahali. Wewe ulikuwa na nini?" Kamati ikaamua kwamba aende mwenyewe kumrudisha Mbuke nyumbani kwake, kwa heshima.

Alikwenda. Siku ya pili, jua likielekea magharibi, alifika kwa mpwa wa Mbuke. Yule mwanamke alikuwa akipepeta mtama uani. Alimkaribisha, akampa kigoda na maji, na alipomsikia amemfuata Mbuke akauweka ungo chini. Alisema walimzika masika yalipokuwa yakiisha, pale ng'ambo, katika shamba la wakwe zake. Alisema marehemu hakusumbua mtu. Alipenda kukaa nje tu, hakutaka kuingia jikoni, na siku za mwisho macho yalianza kumrudia, akawa anasema anaona weupe wa mtama. Kisha akamtazama mgeni vizuri, akayaona macho yake.

"Nawe ulikuwa nani wake?" akauliza.

Mtu yule, ambaye hakuwahi kukosea jina, alitafuta jina la kujiita akakosa. Kujiita mwana asingeweza. Mwanafunzi lilikuwa jina zuri mno, na mwalimu lilikuwa baya mno. Mwishowe akasema, "Mimi ni mmoja wa watoto waliomletea mabua mabichi."

Aliporudi aliliondoa kabati. Hakuchora tena pale. Alijaribu mara kadhaa kuchora moshi, lakini kila alipojaribu ulitoka kama wingu, kitu kizuri kilicho mbali, akafuta. Kwa hiyo aliyaacha yale macho mawili hafifu chini ya chokaa, na mahali palipokuwa pameandikwa Bibi Mwenye Macho Mekundu akaandika kwa herufi zake nzuri: MBUKE NG'WANA SHIGELA. Watoto wa darasa la kwanza hujifunza pale rangi nyekundu mpaka leo, na jina hilo hulitamka bila kujikwaa.

Basi wewe uliyesikia habari hii, kabla hujayanyooshea kidole macho mekundu ya mtu yeyote, jiulize: asubuhi ile ulipopita mlangoni mwa jiko lake, bua lililokuwa mkononi mwako lilikuwa kavu?